Mtungi wa Sisimizi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikikaribishwa chai huinusa kwanza, na mgeni akisifu mapazia yangu huanza kujiuliza amekuja kutaka nini. Watoto wangu wananiita polisi, nami huwaacha wacheke. Sikuzaliwa hivyo. Nilijifunza mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya Ngamiani, nikichunga sisimizi. Mwaka ule nimeusimulia mara nyingi kwenye harusi na misiba, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kila mara kuna sehemu moja nimeiruka. Mwezi uliopita binti wa jirani yangu alirudi kutoka kuzika Tongoni, akanikuta nakuna nazi. Akaniambia kule kuna bibi mmoja wa Kipemba, mguu umemvimba, hatoki nje, na aliposikia kuwa yeye anatoka Tanga mjini alimwuliza kama yule msichana wa wadudu yu hai bado. Nilimjibu kuwa simjui bibi huyo. Kisha nikaendelea kukuna mpaka nikawa nakuna kifuu.

Nyumba ilikuwa ya Bi Saumu, vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na jiko na mpapai mmoja usiozaa. Chumba cha nyuma kabisa, mkono wa kushoto, kilikuwa cha Mwalimu Mbelwa, aliyenifundisha baiolojia. Mtihani wa kidato cha nne nilikuwa nimefaulu kwa kubahatisha na alama hazikunifikisha popote. Mwalimu aliniambia kuna chuo kinachochukua mafundi wa maabara, ila kinataka barua ya mtu aliyemwona mwombaji akifanya kazi. "Njoo unifanyie kazi mwaka mmoja," alisema. "Ukiwaweka hai wadudu wangu, barua nitaandika kwa mkono wangu. Wakikufia, nitaandika nini?" Basi nikahamia pale, nikawa nalala chumba kimoja na Bi Saumu, na kila asubuhi Mwalimu akienda shuleni mimi nikabaki na ufunguo.

Sisimizi wenyewe aliwatoa kwao milimani, Usambara, upande ambao msitu ulikuwa ukikatwa mbao. Aliwakuta ndani ya gogo lililooza, na katika wazee wa pale hakupata anayewajua hata kwa jina. Akamwandikia mtaalamu wa wadudu wa chuo kikuu, naye akajibu kwamba wa aina ile amewahi kumwona mmoja tu, mkavu, wa zamani, amebanwa na pini. Kama kweli Mwalimu ana kundi zima lililo hai, na kama litaishi mpaka litoe wenye mbawa, atakuja kuwaona kwa macho yake. Mwalimu alipopanda tena mlimani kutafuta kundi la pili, lile gogo na miti iliyolizunguka havikuwepo. Kwa hiyo walikuwa hawa wa chumba cha nyuma, pamoja na malkia wao mmoja, na hatukujua kama wako wengine popote.

Walikuwa wadogo, wekundu wa hudhurungi, wenye vinyweleo, na wazito wa kutembea. Sisimizi wa kwetu ukidondosha sukari ni mbio. Hawa walikuwa wakienda taratibu kama wazee wanaotoka msikitini. Ukimgusa mmoja alijikunja na kulala kimya, akijifanya amekufa, na akaweza kukaa hivyo mpaka uchoke wewe kumtazama. Hapo ndipo nilipoanza kutomwamini kiumbe yeyote, maana kila asubuhi nilipaswa kuandika daftarini waliokufa ni wangapi, na sikuwa na hakika nani amekufa kweli na nani ananifanyia mchezo. Joto la Tanga lilikuwa adui yao. Mwalimu aliziba dirisha kwa gunia lililoloweshwa, na wao akawaweka ndani ya mtungi wa udongo wenye mdomo mpana, uliozikwa nusu katika karai la mchanga mbichi, ili mtungi uwapoze wao kama unavyotupozea sisi maji. Ndani kulikuwa na udongo wa msituni na vipande vya lile gogo. Mimi niliwapa kiini cha yai la kuchemsha, kiasi cha kichwa cha kiberiti, na mapaja ya panzi. Meza yao ilisimama miguu yake minne ndani ya makopo ya maji, kama kabati la chakula. Bi Saumu alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Watu twaweka maji wadudu wasipande," alisema, "huyu Mshambaa aweka maji wasishuke!"

Kicheko hakikudumu. Uani, wanawake wakichambua mchele, nilianza kusikia maneno yakikatwa katikati nilipotokea. Mtu mzima hana mke, anafunga mlango anaongea na mtungi. Anawalisha yai. Yai la nini? Nilipoeleza habari za chuo kikuu walinitazama kwa huruma, kwa jinsi nilivyodanganywa. Bi Saumu alimtetea mpangaji wake kwa sababu alikuwa mtu wa heshima na hakupandisha sauti ya redio. Basi yale maneno yakatafuta pa kwenda, yakaenda chumba cha jirani.

Chumba kilichopakana na cha sisimizi, ukuta kwa ukuta, alikaa Bi Mize. Alitoka Pemba, mwanamke wa makamo, mpana, mwenye sauti ndogo. Alipika mkate wa kumimina, na asubuhi nyumba nzima ilinukia iliki na nazi kabla jua halijatoka. Watu walikula mkate wake na kumsema wakiwa bado wanautafuna. Mpemba, tena mjane, tena hana mtoto: kwa watu wa uani vitu hivyo vitatu vilitosha. Mimi alinipenda. Nikimwamkia, "Shikamoo Bi Mize," alijibu, "Marahaba, mwanangu, wadudu wako wameamkaje?" na ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyewaulizia kama watu wanavyoulizia mgonjwa. Alinikatia kipande cha pembeni, kile kilichoungua kidogo, kwa sababu alijua nakipenda. Haya yote niliyajua, nami nilikuwa na akili timamu, na bado ilipofika siku yake sikuyakumbuka.

Kaskazi ilipokolea, ule mtungi wa kwanza, ambao Mwalimu alishuka nao kutoka kwao, ukapasuka. Tuliwahamishia sisimizi kwenye beseni la bati kwa siku nne, na nikatumwa Pongwe kwa mwanamke mfinyanzi kununua mwingine. Nikauchagua vizuri, nikaugonga kwa kidole kusikia kama una ufa, nikauleta nyumbani nimeupakata. Nikauosha, nikaufukiza, nikauanika, tukawahamishia. Siku ya pili asubuhi nilikuta arobaini wamejikunja. Nikangoja waache mchezo. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, wamejikunja vile vile. Siku ya tatu nikaacha kuhesabu.

Mwalimu alikuwa mtu wa ugoro, alijaza pua zote mbili akiwa na mawazo, na juma lile ugoro ulimwagika hadi kwenye shati. Akasema labda udongo wa mtungi una chumvi. Tukawarudisha kwenye beseni, wakapata nafuu, wakaanza kutembea. Nikaenda tena Pongwe, mtungi wa pili, mfinyanzi mwingine. Nikauosha, nikaufukiza, nikauanika kama wa kwanza, na walipoingia wakaanza tena kufa. "Mwanahamisi," Mwalimu aliniambia, amesimama mlangoni hanitazami, "ufunguo unakaa wapi ukienda sokoni?" Nikamwambia unakaa kwenye kibindo changu. "Saa zote?" Nikasema saa zote. Nilijua kabisa kuwa mara nyingi niliuacha juu ya kizingiti. Tangu siku ile yeye alinishuku mimi, nami, kwa kuogopa kushukiwa, nikatafuta wa kumshuku. Nilikuwa nikiiona barua yangu inajikunja pamoja na wadudu.

Nilianza kutega. Niliweka unyuzi mlangoni. Nilinyunyiza unga sakafuni nione nyayo, na zilizoonekana zilikuwa za kuku wa Bi Saumu. Nilisikiliza ukutani, nikamsikia Bi Mize anakohoa, nikajiuliza anakohoa nini. Mkate wake nikaacha kuula; nilimwambia nina kiungulia. Kisha mchana mmoja nilitoka kisimani, nikaukuta mlango uko wazi na yeye yumo ndani. Alikuwa ameinama juu ya mtungi, mkono wake umo ndani mpaka kwenye kifundo, na uso ameusogeza karibu kabisa na mdomo wa mtungi. Aliponiona hakushtuka, na hilo nililitia akilini kama ushahidi.

"Mtungi huu," aliniuliza, "umeutengeneza mwenyewe ulipotoka nao Pongwe?"

"Nimeutengeneza, ndiyo. Kwani wataka nini humu?"

"Kama mtungi wa maji ya kunywa?"

"Mtungi ni mtungi, Bi Mize. Toka, tafadhali."

Akafuta mkono kwenye kanga yake, akanitazama sana. Alitaka kusema neno, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuita watu.

Kikao kilifanyika siku ile ile baada ya sala ya alasiri, pale ukumbini, juu ya mkeka. Alikuwepo Bi Saumu, Mwalimu, wapangaji wawili watatu, na mimi kwenye kizingiti na daftari langu mapajani, utadhani karani wa mahakama. Bi Saumu aliuliza taratibu. Yeye mwenyewe nadhani alikuwa anaogopa.

"Bi Mize, mwenzangu, umeonekana chumbani kwa Mwalimu. Ulifuata nini?"

"Mie sijaua mdudu wa mtu."

"Hatujakuuliza kuua. Twauliza ulifuata nini."

Bi Mize aligeuza shingo akanitazama mimi peke yangu. "Muulizeni yeye," alisema.

Wakanigeukia. Nikasema nilichokiona: mlango wazi, mkono mtungini, uso karibu na mdomo wa mtungi. Mmoja wa wapangaji akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa akinuizia," na neno hilo likazunguka mkeka wote. Mwalimu Mbelwa, mtu wa sayansi, aliyetufundisha darasani kutokubali jambo bila kulijaribu, alitazama vidole vyake vya miguu. Niliongeza kwamba aliniuliza habari za maji ya kunywa. Hilo lilikuwa kweli, na nililisema kwa namna ya kuwafanya watu waufikirie mtungi wa nyumba, ule tunaokunywa sote. Bi Saumu akashika kifua. Akampa siku saba.

Hakukaa siku saba. Aliondoka siku ya tatu, na chuma chake cha mkate kimefungwa ndani ya kanga. Alipita nilipokuwa naosha beseni. Sikumwamkia. Alisema, "Haya, mwanangu. Kaa salama na wadudu wako," kwa sauti ile ile ndogo, nami nikaisikiliza nikitafuta laana ndani yake.

Mwalimu alitaka mtungi wa tatu, sasa kwa kuwa nyumba imesafishika, kama alivyosema Bi Saumu. Walikuwa wamebaki pungufu ya mia, malkia bado mzima. Nikauleta, nikauosha, nikaufukiza, nikauanika. Wakafa kama mwanzo. Hapakuwa tena na Bi Mize wa kusingiziwa vifo vyao, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa, nilianza kuamini kuwa ameacha kitu ukutani. Nilikwangua chokaa ya upande wetu kwa kijiko. Nilimshuku Bi Saumu, nikawashuku kuku, na juma zima nilimshuku Mwalimu mwenyewe.

Yalikuwa majuma matatu tangu Bi Mize aondoke. Nilikuwa naloanisha mchanga kwenye karai, na maji yakanimwagika kidogo juu ya ukingo wa mtungi. Udongo ulipoyanywa, harufu ikapanda. Nilikuwa na kiu, na nilichofikiri kwanza ni kwamba maji haya yatakuwa matamu. Ni harufu ya ubani, ile ya maji ya kwetu, ambayo mtu huijua tangu anaachishwa ziwa. Mtungi mpya kwetu hauingii kazini haujafukizwa. Unatia kaa la moto kwenye chetezo, unaweka ubani, unaufunika mtungi juu yake mdomo chini, moshi unaingia kwenye udongo na kukaa humo miezi. Nilikuwa nimefanya hivyo mara tatu bila kujua kuwa nafanya kitu, kwa jinsi mtu anavyoosha kikombe. Hakuna aliyeniagiza na hakuna aliyeniuliza. Mwalimu kwao maji wanachota kijitoni, na pua yake ilikuwa ya ugoro. Mtungi wake wa kwanza haukuwa umefukizwa na mtu. Niliwafungia wadudu wa msituni ndani ya moshi, na kila nilipowaona wanakufa nikawaletea moshi mpya.

Nilikaa chini sakafuni. Niliona yote kwa mara moja: uso ulioinama, swali, "Kama mtungi wa maji ya kunywa?" Alikuwa ananusa, basi. Alikuja kwa sababu ameiona kazi yangu uani kupitia dirisha lake, akataka hakika kabla ya kusema. Ningeweza kuinuka pale pale nikamwambia Mwalimu. Alikuwa ukumbini, anasahihisha madaftari. Niliinuka, nikachukua lile beseni la bati, nikamhamisha malkia na wenzake waliobaki. Walikuwa ishirini na watatu. Nikamwambia Mwalimu kuwa beseni nadhani linawafaa zaidi, nitalifunga gunia bichi kulizunguka, nitaloanisha kila saa. Akasema, "Jaribu." Mtungi nikautoa uani nikauvunja, nikasema umeniponyoka.

Wakaishi. Niliwaloanishia gunia lile kwa miezi mitano, mpaka mikono ikawa na magamba. Masika yalipokuwa yanakwisha, asubuhi moja nikawaona wenye mbawa, saba, weusi zaidi ya wenzao, wamejipanga kwenye ukingo wa beseni hawajui waende wapi. Mtaalamu akaja na kioo chake, akakaa mbele ya beseni tangu asubuhi hadi adhuhuri hajagusa chai. Baadaye walipata jina, refu, nisiloweza kulitamka mpaka leo. Kundi lile liliishi miaka miwili mingine, kisha likaisha. Barua yangu Mwalimu aliiandika kwa mkono wake kama alivyoahidi. Ilisema kuwa mimi ni mwaminifu na mwangalifu, na kwamba bila macho yangu jambo lililowaua wadudu lisingegunduliwa. Alikuwa anamaanisha Bi Mize. Nikaipeleka chuoni. Ndiyo iliyonifanya nilivyo, na Mwalimu amekufa akiiamini.

Juma lililopita nilikwenda Tongoni. Sikumwambia mtu. Bi Mize alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto, nywele nyeupe zote, na sauti ndogo kama zamani. Chumba chake kina dirisha moja, na chini ya dirisha pana mtungi, juu yake kifuniko cha mbao. Nilimwamkia. Alinitazama muda mrefu, akacheka. "Mwanahamisi! Umenenepa, mwanangu. Chota maji unywe, umetembea juani." Nikachota kwa kata, nikanywa. Yalikuwa ya ubani. Nilihisi machozi na sikuyazuia, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, kwamba ulikuwa mtungi, nilikuwa nafukiza, ni mimi niliyewaua.

"N'najua," alisema. "Nalinusa. Yule malkia wako alinusurika?"

"Alinusurika."

"Alhamdulillahi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema ukumbini. Alisogeza mguu wake kwa mikono miwili. "Mpemba aseme ubani ndio umeua? Wangesema nawasingizia, tena namsingizia mtoto. Nikakutazama wewe, labda utaelewa. Nikaona huelewi. Uso wako ulikuwa wa mtu asiyejua kitu. Basi nikasema, mtoto hajui, namlaumu nini? Miaka yote hii sijakulaumu. Kila nikiomba dua nakutaja."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka mingi, nimeizoea kazi hiyo, na nilijua kabisa kuwa nikifunga mdomo nitatoka na radhi yangu mkononi. Lakini nilikuwa nimechoka kujishuku mwenyewe.

"Nilijua baadaye," nilimwambia.

"Baadaye lini?"

"Majuma matatu tangu uondoke."

Aliangalia mikono yake, kidole kimoja kimoja, na midomo ikatembea bila sauti. Nje kuna mtu alikuwa anatwanga.

"Nilikuwa Pongwe tu," alisema mwisho. "Kwa yule mfinyanzi aliyekuuzia mtungi wa kwanza. Nilikaa pale mwaka mzima. Ulikuwa unapajua."

"Nilikuwa napajua."

"Umemaliza maji?"

"Nimemaliza."

Akageukia ukutani, akaivuta kanga mpaka begani. "Ukitoka," alisema, "ufunike mtungi."